Mandhari ya Nyuzi Thelathini: Karatasi ya Sifa ya SSD Ikisomwa Voi

Karatasi ya sifa ya diski ya SSD ni andiko fupi. Ukurasa wa kwanza una picha ya diski yenyewe, nyeusi, haina hata chembe ya vumbi, imeelea hewani kana kwamba haitafungwa ndani ya kitu chochote. Chini ya picha kuna tarakimu tatu au nne za herufi kubwa: ujazo, kasi ya kusoma, kasi ya kuandika, miaka ya dhamana. Ukurasa wa pili ni jedwali. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mzee aliyesahau miwani hawezi kuziona, kuna tanbihi. Ni andiko lisilo na mwandishi, na labda ndiyo maana wahakiki hawashughuliki nalo. Lakini ukitembea kati ya Voi na Maungu nchini Kenya, kwenye tambarare iliyo chini ya Mlima Sagalla, utawakuta watu wanaolisoma kwa makini kuliko riwaya ya mtihani: fundi wa pampu za maji, kijana wa kompyuta aliyetumwa kubadilisha diski ndani ya kabati la chuma la mashine, karani wa ununuzi anayetakiwa kumweleza bosi kwa nini diski ya gigabaiti 64 ya kiwandani inauzwa ghali kuliko ya gigabaiti 500 iliyo dukani.

Nitalisoma kama tunavyosoma kazi nyingine, kwa kuanzia na fani. Karatasi hii haisemi uongo. Imepangwa tu kwa namna inayoficha mandhari yake, na mandhari hiyo si ya hapa.

Tuanze na tarakimu inayopendwa kuliko zote, ile ya wastani wa saa kati ya hitilafu na hitilafu, inayofupishwa MTBF. Karatasi nyingi huandika saa milioni 1.5. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka, unapata miaka 171. Hakuna diski itakayofikisha umri huo, na mwandishi wa karatasi anajua hivyo. Tarakimu hiyo inahusu kundi, si diski moja: ukiwasha diski 1,000 mwaka mzima, tarajia karibu 6 zife. Hapo fani imefanya kazi yake kimyakimya. Jedwali limeweka sifa ya kundi kwenye safu ileile yenye uzito na urefu wa diski, kwa hiyo msomaji huisoma kama sifa ya kitu alichokishika mkononi. Uzito ni wake. Miaka 171 si yake. Mwenye ghala la diski 1,000 ananufaika na sentensi hiyo. Mwenye mashine moja yenye diski moja hajaambiwa kitu.

Safu ya makosa ya kusoma nayo ni hivyohivyo. Huko utakuta kwamba kosa lisilorekebika halizidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 15, yaani moja katika terabaiti 125 zinazosomwa. Mwaka 2016 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Raghav Lagisetty na Arif Merchant wa Google, walitoa matokeo ya miaka sita ya diski za flashi zilizokuwa zikifanya kazi kwenye vituo vya data vya Google. Waliona kwamba makosa hayo hayaendi pamoja na wingi wa usomaji, hivyo kipimo chenyewe hakina maana kubwa. Waliona pia kwamba, kulingana na aina ya diski, kati ya asilimia 20 na 63 zilipata angalau kosa moja la namna hiyo ndani ya miaka minne ya kwanza. Na diski za seli za biti moja, zile za bei kali, hazikuonekana kuwa za kutegemewa zaidi ya nyingine kwenye vipimo ambavyo watafiti hao walivijali. Kwa maneno mengine, safu hii imebaki kwenye jedwali kwa sababu ya desturi ya utanzu.

Sasa mandhari, na hapa nitakaa.

Seli ya flashi huhifadhi data kama chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya kizio. Fujio Masuoka wa Toshiba aliitangaza kumbukumbu hii miaka ya 1980, na tangu siku hizo tatizo lake halijabadilika: chaji huvuja, na joto huharakisha kuvuja. Kila seli inapofutwa na kuandikwa upya kizio huchoka kidogo, na kizio kilichochoka huvujisha zaidi. Ndiyo maana diski ina umri wa kuandika. Seli ya biti moja iliweza kustahimili takriban mizunguko 100,000. Seli ya biti tatu inayouzwa leo huhesabiwa kwa maelfu machache.

Shirika la viwango la JEDEC ndilo lililoweka masharti ya jinsi ya kuutangaza umri huo, katika kiwango cha JESD218 cha mwaka 2010. Humo ndimo mandhari ya karatasi yetu ilimoandikwa. Diski ya mtumiaji wa kawaida inachukuliwa kuwa inafanya kazi saa 8 kwa siku kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, na ikishamaliza umri wake wote wa kuandika, ikazimwa na kuwekwa kwenye nyuzi 30, itunze data mwaka 1. Diski ya seva inafanya kazi saa 24 kwenye nyuzi 55, na ikizimwa kwenye nyuzi 40, itunze data miezi 3. Basi. Hiyo ndiyo nyumba wanamoishi wahusika wetu: saa nane za kazi, chumba chenye kivuli, nyuzi thelathini.

Nyuzi thelathini za Voi ni za kivulini. Miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita hapo bila shida, na kabati la chuma lililofungwa ukutani upande wa jua, likiwa na kigeuza umeme na kompyuta ndani yake, hupita hewa ya nje kwa nyuzi nyingi. Kanuni ya hesabu ya JEDEC ni kwamba kila joto la mahali pa kuhifadhia linapopanda nyuzi 5, muda wa kutunza data hupungua karibu nusu. Mwaka 1 wa nyuzi 30 huwa takriban miezi sita kwenye 35, na miezi mitatu na ushei kwenye 40. Stoo ya mabati inafika huko bila kujitahidi. Wala pampu ya kisima haifanyi kazi saa nane ikaenda kulala.

Hata hivyo msomaji asikimbilie upande wa pili. Mwaka 2015 slaidi ya zamani ya Alvin Cox wa Seagate, aliyeongoza kamati ya JEDEC iliyohusika, iliokotwa na waandishi wa habari wakaandika kwamba SSD ikizimwa inaweza kupoteza data ndani ya siku chache. Jedwali la Cox lilihusu diski iliyokwisha kumaliza umri wake wa kuandika, tena ikiwekwa kwenye joto kali. Waandishi walisoma safu, wakaacha sharti. Cox ikabidi ajitokeze kueleza kwamba watu wa kawaida hawana la kuogopa. Ni kosa lilelile la kusoma ambalo muuzaji hunufaika nalo, safari hii limeelekea kwenye hofu badala ya matumaini. Diski mpya iliyonakiliwa programu ya mashine na kuwekwa droo kwa ajili ya siku ya balaa itatunza nakala yake kwa muda mrefu kuliko huo mwaka mmoja. Ya kuogopa ni ile iliyochoka, iliyong'olewa kwenye mashine moja, ikawekwa stoo kama akiba ya mashine nyingine. Mafundi wengi hufanya hivyo, na karatasi haiwakatazi popote.

Kila kazi ya sanaa ina la kunyamazia, na ukimya mkubwa wa karatasi hii unahusu stima kukatika.

Soma jedwali la diski ya kawaida kutoka juu hadi chini. Utaambiwa mtikisiko inaouvumilia, kwa kipimo cha mvutano wa dunia mara 1,500. Utaambiwa unyevu. Wengine hutaja hata mwinuko kutoka usawa wa bahari. Lakini kinachotokea umeme ukikatika katikati ya kuandika hakitajwi, na hakuna tanbihi inayosema kwamba hakitajwi. Kwa msomaji wa mji ambao umeme haukatiki, pengo hilo halionekani. Msomaji wa Kenya anakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipozimika karibu nchi nzima, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ilipozimika tena. Hizo ndizo zilizofika kwenye habari. Kukatika kwa dakika mbili saa tisa alasiri, stima ikarudi, ikakatika tena, hakuandikwi na gazeti lolote.

SSD haiandiki pale unapoiambia iandike. Kontrola yake huweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, huku ikishika ramani inayoonyesha kila kipande kimehamishiwa wapi, kwa sababu seli haziwezi kuandikwa upya kabla ya kufutwa, na kufuta hufanywa kwa bloku nzima ya megabaiti kadhaa. Umeme ukiondoka wakati ramani iko njiani, kinachopotea kinaweza kuwa zaidi ya sentensi ya mwisho. Yaweza kupotea orodha ya yaliyomo. Mwaka 2013 Mai Zheng na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP Labs walizikatia umeme SSD 15 makusudi, wakarudia na kurudia. Kumi na tatu zilionyesha kasoro. Moja ilipoteza takriban theluthi ya data yake. Nyingine ilikufa kabisa. Zote hizo ziliuzwa na karatasi za sifa zilizokuwa na tarakimu nzuri.

Dawa yake inajulikana na si uchawi: safu ya kapasita kwenye bodi, zinazoshika umeme wa kutosha kwa muda mfupi ili kontrola imalize kuandika ramani. Ukifungua diski utaziona, vijidude vya rangi ya manjano au nyeusi vimejipanga kando ya chipu. Karatasi ya diski ya kiwandani huzitaja kwa fahari. Karatasi ya diski ya dukani hukaa kimya, na katika utanzu huu ukimya una maana moja tu: hazimo.

Yupo atakayesema, weka UPS, ile betri ya akiba. Sawa, iweke. Lakini mashine huzimwa pia na swichi ya dharura, na swichi ya dharura haimsubiri mtu.

Kipimo cha wingi wa kuandika, TBW, yaani jumla ya terabaiti unazoruhusiwa kuandika, ndicho kilicho wazi kuliko vyote, nami nitakipita upesi isipokuwa kwa jambo moja. Diski ya gigabaiti 250 yenye TBW 150 inakuruhusu gigabaiti 82 kila siku kwa miaka mitano. Kompyuta ya pampu inayoandika mstari mmoja wa baiti 100 kila sekunde haizalishi hata megabaiti 9 kwa siku. Ukiisoma karatasi tu, utacheka. Lakini programu nyingi za mashine hulazimisha kila mstari ufike kwenye seli papo hapo, na ukurasa wa flashi ni wa kilobaiti 16 hivi. Mistari 86,400 ya siku, kila mmoja ukichukua ukurasa wake, ni gigabaiti 1.4, yaani mara 160 ya kile ulichodhani unaandika, kabla hujahesabu shajara ya mfumo wa faili. Diski kubwa itavumilia. Kadi ndogo ya gigabaiti 4 au 8 iliyouzwa kwa ajili ya kamera, ikachomekwa kwenye kompyuta ya mashine, haitavumilia, na karatasi yake mara nyingi haina hata safu ya TBW.

Kisa kinachojulikana dunia nzima ni cha magari, si viwanda. Mwezi Februari 2021 Tesla ilikubali kuyaita kwa matengenezo magari yapatayo 135,000 nchini Marekani, Model S za 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018, kwa sababu kumbukumbu ya flashi ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inachakaa kwa kuandikwa kumbukumbu za matukio. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilihesabu kwamba mizunguko 3,000 ya seli hizo ingeisha baada ya miaka 5 au 6. Gari lenyewe lilikuwa zima. Kilichokufa ni daftari.

Diski ikishafungwa kwenye mashine, huanza kuandika andiko lake yenyewe, na hili napenda kulisoma sambamba na karatasi. Ni rekodi ya afya inayoitwa SMART, inayosomwa na programu ndogo ya bure. Humo mna saa za kuwashwa, joto la juu kabisa lililofikiwa, idadi ya mara umeme ulipokatika bila taarifa. Toni ni ya shajara: haina ahadi, ina matukio. Kwenye diski za aina ya NVMe kuna mstari wa asilimia ya umri uliotumika, na kiwango kinaruhusu tarakimu hiyo ipite 100. Diski inaweza kukuambia imeishi asilimia 130 ya maisha yake, na bado inafanya kazi. Karatasi ya sifa haiwezi kuandika sentensi kama hiyo. Utanzu wake haujui kusimulia baada ya mwisho. Kasoro ya shajara ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana lugha. Namba ya sifa ileile kwa mmoja ni umri uliobaki, kwa mwingine ni kitu kingine kabisa, na mstari wa data iliyoandikwa huenda ukahitaji kuzidishwa kwa 512 ndipo upate baiti. Mhakiki wa mashairi ya kale atajiona yuko nyumbani.

Kuna pia kifo ambacho hakimo kwenye karatasi wala kwenye shajara. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Tarakimu hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15: kihesabu cha saa ndani ya programu ya diski kilikuwa kinajaa. Machi 2020 likaja tangazo jingine, la diski za saa 40,000. Diski zilizowashwa siku moja zingekufa siku moja, hata kama ziliwekwa mbili ili moja imwokoe mwenzake. Seli zilikuwa hazijachoka, joto halikuhusika. Jedwali la sifa lina safu ya kila kitu isipokuwa programu inayoendesha diski, ambayo ndiyo mhusika mkuu.

Turudi kwa yule karani na diski yake ya bei kali ya gigabaiti 64. Karatasi yake ni ndefu zaidi na haivutii. Picha ni ndogo. Kasi imeandikwa, nayo ni ya chini kuliko ya dukani. Kiwango cha joto ni kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85, na hapo nawaonya wasomaji: safu hiyo inasema diski itafanya kazi kwenye nyuzi 85, haisemi itatunza data kwa muda gani kwenye joto hilo ikiwa imezimwa. Kapasita zimetajwa. Mara nyingi inaelezwa kwamba seli za biti tatu zimelazimishwa kushika biti moja tu, kwa hiyo ujazo umeshuka hadi theluthi na mizunguko imepanda kutoka maelfu hadi makumi ya maelfu. Gigabaiti 64 unazozilipia ni gigabaiti 192 zilizonyimwa nafasi. Halafu kuna ahadi ambayo mnunuzi wa dukani hawezi kuipata: kwamba chipu na kontrola ndani ya namba hiyo ya bidhaa hazitabadilishwa bila taarifa. Diski za dukani hubadilishwa matumbo huku jina likibaki lilelile, na karatasi ya zamani ikiendelea kusambazwa. Kwa mashine iliyojaribiwa na diski fulani, ahadi hiyo ina thamani kuliko kasi yoyote.

Kifani, basi, karatasi ya kiwandani ni kazi bora kwa sababu inakubali kuwa na mahali. Inataja joto, inataja umeme kukatika, inajua kuna mtu atakayefungua kabati. Lakini hata hiyo inafuata masharti ya JEDEC kwenye suala la kutunza data, na tanbihi bado iko chini, bado ni ndogo.

Wewe unayenunua diski ya mashine huko Voi, Mwatate au Taveta, ianze karatasi kwenye tanbihi ukipanda juu. Kisha mwandikie muuzaji, kwa maandishi, maswali matatu: ina kapasita za kuilinda stima ikikatika, ndiyo au hapana, ikishachakaa na kuzimwa kwenye nyuzi 40 itatunza data miezi mingapi, na chipu zilizomo leo zitakuwa zilezile nikiagiza tena mwaka ujao. Asiyejibu kwa maandishi, mwachie diski yake.